Urafiki Katika Bwana, na Mamlaka Yatokayo Ndani Yake

Somo: Yohana 15:12–17



Katika somo hili Bwana wetu, usiku ule kabla ya kuteswa kwake, anawapa wanafunzi jina jipya. Mtumwa hupokea amri wala haelezwi sababu yake. Lakini hawa amewafunulia yote aliyoyapokea kwa Baba, na kwa hiyo awahesabu kuwa rafiki zake. Mara baada ya kuwapa jina hilo anawatuma waende wakazae matunda. Twawaomba mwangalie utaratibu huo: urafiki umetangulia, na kutumwa kumefuata.

Twaandika haya kwa sababu swali moja limetujia mara nyingi kwa vinywa vya walimu na wazee wa sharika. Mtu asiyewekewa mikono, asiye mchungaji wala mwinjilisti, akinena neno la Mungu na watu wakamsikia, mamlaka yake ameyapata wapi? Wako wanaojibu upesi wakisema: Mimi ni rafiki wa mtumishi fulani mkuu, tumekesha pamoja katika maombi, naye amenishika mkono mbele ya watu, basi anikataaye mimi amemkataa yeye. Kwa jibu hilo sharika zimegawanyika. Na wako wengine ambao, kwa kuchukizwa na majivuno hayo, wamekataza hata watu wawili watatu wasikutane nyumbani jioni kusoma Neno na kuombeana. Wa kwanza wameuza urafiki kama bidhaa. Wa pili wameitupa mbegu pamoja na makapi.

Basi twapenda kuwapeleka katika habari iliyo karibu nasi, ambayo wengi huijua nusu tu. Nayo ni habari ya ndugu zetu Wakatoliki. Mtu asishangae kwamba sisi Walutheri twaitwaa. Baba zetu katika Ungamo la Augsburg, mwaka 1530, walikataa kuwaomba watakatifu waliokufa, lakini hawakukataa kuwakumbuka. Walifundisha kwamba kumbukumbu lao lapasa kuwekwa mbele yetu, tupate kuifuata imani yao, kila mtu katika kazi aliyoitiwa. Tena sisi wa Nyegezi tumezungukwa na kazi zao. Chuo kilichoanza hapa mwaka 1960 kwa mafundisho ya maendeleo ya jamii, nacho ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino tangu 1998, kimewasomesha hata watoto wetu. Jirani hujulikana kwa habari zake njema pia.

Mtu akisimama pwani ya Nyegezi na kuifuata kwa macho ile ghuba ya Mwanza kuelekea kusini, upande huo ndiko iliko Bukumbi. Huko walikuja mapadre wa shirika la Kardinali Lavigerie, tuwaitao Mapadre Weupe, wakakaa mahali palipoitwa Kamoga mwaka 1883. Hawakuja kwa kupenda. Walikuwa wamefika Buganda mwezi wa Februari 1879, Padre Lourdel (ambaye Waganda walimwita Mapeera) pamoja na Bruda Amans wakitangulia kwa mitumbwi. Wakabatiza watu wa kwanza mwaka 1880. Lakini mwezi wa Novemba 1882, walipoona hatari imezidi katika nyumba ya Kabaka Mutesa, wakaliacha kundi lao, wakavuka ziwa kuja kusini. Hawakurudi ila mwaka 1885.

Fikirini hali ya wale walioachwa. Wabatizwa walikuwa wachache, na wa zamani wao alikuwa na miaka miwili tu katika ubatizo. Hakukuwa na padre wa kuwaungamisha wala wa kuwapa Sakramenti. Hakukuwa na askofu. Kati yao na mchungaji wao palikuwa na ziwa zima, na mtumbwi wa Ziwa Victoria hauendi wala haurudi kwa matakwa ya mtu. Kwa hesabu ya wanadamu, mapadre waliporudi wangekuta majivu. Nao wakakuta watu wameongezeka, wanafunzi wengi wakingojea ubatizo, na kila kikundi kina mtu anayesikilizwa.

Watu hao waliosikilizwa walikuwa nani? Mmoja alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi katika nyumba ya Kabaka, aliyebatizwa 30 Aprili 1882, maana yake miezi saba tu kabla mapadre hawajaondoka. Mwingine aliyebatizwa siku ile ile alikuwa Andrea Kaggwa, mzaliwa wa Bunyoro, aliyeletwa Buganda hali ni mateka, kisha akawa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Huko Mityana alikuwako Mathiya Mulumba Kalemba, naye asili yake ni Msoga. Angalieni: hawa wawili hawakuwa wenyeji kwa damu, wala hapakuwa na hata mmoja kati ya watatu aliyepewa daraja ya kanisa. Hakuna aliyewawekea mikono. Walisikilizwa kwa sababu walikuwa wamekaa na wenzao: Yosefu kati ya vijana wa nyumba ya mfalme, akiwafundisha na kuwalinda na uovu uliokuwako pale, Andrea akiwakaribisha watu nyumbani kwake, Mathiya akiwakusanya majirani zake pamoja na rafiki yake Luka Banabakintu, ambaye baadaye walikamatwa pamoja.

Wasukuma wa zamani walijua jambo lifananalo na hili. Palikuwa na mtemi, na palikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji, ambaye wenzake walimchagua kwa kuwa wamelima naye. Mtemi alikuwa na kiti. Huyu alikuwa na jembe na rafiki zake. Hata hivyo aliposema twende, walikwenda.

Lakini tusiseme kwamba mamlaka ya Yosefu yalikuwa mapenzi ya vijana tu. Yalipimwa. Mutesa alipokufa mwaka 1884, mwanawe Mwanga akatawala. Mwezi wa Oktoba 1885 Askofu Hannington wa Kanisa la Uingereza akauawa Busoga kwa amri yake. Yosefu alikuwa na cheo kikubwa nyumbani kwa mfalme, tena alipendwa. Angeweza kunyamaza, aliyeuawa hakuwa wa kanisa lake. Naye hakunyamaza, alimwonya Mwanga kwa sababu ya damu ile. Akauawa 15 Novemba 1885. Husimuliwa kwamba alimpa mwuaji ujumbe wa kumpelekea Kabaka, kwamba amemsamehe, lakini na atubu. Ndilo neno la rafiki: halina matusi, wala halina kujipendekeza. Mjivuni angesema moja tu kati ya hayo mawili.

Siku ile ile Karoli Lwanga akabatizwa, akashika mahali pa Yosefu kati ya vijana. Kwa miezi sita aliwaangalia. Ilipofika usiku mmoja mwishoni mwa Mei 1886, wakijua ya kuwa asubuhi wataulizwa habari ya imani yao, na padre hayuko, Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake wale vijana waliokuwa wangali wanafunzi, Kizito miongoni mwao, aliyekuwa na umri wapata miaka 14. Wakatoliki na sisi pia twakiri kwamba katika hatari ya kufa Mkristo ye yote aweza kubatiza. Kwa hiyo Lwanga hakunyang'anya kazi ya mtu. Aliitimiza haja ya rafiki zake saa ile, wala hatusomi kwamba alijipatia jina kwa tendo hilo.

Husimuliwa tena kwamba Kizito na mwenzake Gyavira waliagana kushikana mikono watakapoitwa, ili hofu ya mmoja ichukuliwe na mwingine. Na siku zile zile Andrea Kaggwa akauawa Munyonyo. Katikiro alikuwa amesema hatakula mpaka auone mkono wake uliokatwa, akaletewa. Tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa kwake Bwana, wengine wakachomwa Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti katika moto mmoja. Makanisa mawili yaliyokuwa yakishindana kwa maneno katika baraza ya mfalme yalifungwa katika mafungu ya matete pamoja. Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa peke yake kwa moto wa polepole. Yeye aliyewashika wengine mikono hakuwa na mtu wa kumshika wake. Hapo twajifunza kwamba urafiki wa kiroho si joto la kukaa pamoja tu. Waendelea hata pale rafiki wa duniani hawezi kufika.

Wala wasifikiri kwamba hayo yalikuwa ya wanaume peke yao. Munaku, dada yake Noa Mawaggali, kaka yake alipouawa aliwafuata wauaji akitaka kufa kama yeye. Wakamteka, naye hakukubali kuwa mke wa aliyemteka. Mapadre wakamkomboa kwa mali. Baadaye hakuolewa, akamtumikia Mungu katika misioni. Alipokea kwa nduguye kilicho zaidi ya undugu wa tumbo moja.

Wamisionari waliowaleta hao kwa Kristo walitoka Ufaransa, na katika nchi yao na katika Hispania jambo hili lilikuwa limekwisha kutokea miaka 300 kabla yake. Katika karne ya 16 mwanamke hakuweza kusimama mimbarani, na akiandika kitabu cha maombi alitiliwa shaka. Tereza wa Avila, aliyezaliwa 1515, aliandika habari za maisha yake, na kitabu hicho kikapelekwa kwa wachunguzi wa imani. Ndani yake ataja jambo dogo tulipendalo sana: kwamba walikuwako watano waliopendana katika Kristo, naye akatamani wakutane wakati mwingine ili kila mtu amwonyeshe mwenziwe pale alipojidanganya. Angalieni neno hilo. Hakuomba watano wa kumsifu.

Mwaka 1567, katika mji wa Medina del Campo, mama huyo alikutana na padre kijana wa miaka 25, ndiye Yohana wa Msalaba. Tereza alikuwa na miaka 52. Akamvuta katika kazi yake ya kuwarudisha watawa kwenye umaskini na sala, akamfundisha mwendo wa nyumba zake. Baada ya miaka mitano mambo yakageuka: akamwita Avila awe mwungamishi wa watawa, naye mwenyewe akapiga magoti mbele ya yule aliyemfundisha. Na Yohana alipofungwa na watawa wenziwe mwaka 1577, Tereza akamwandikia mfalme wa Hispania kumtetea. Nani kati yao alikuwa mkubwa? Kila mmoja alikuwa chini ya mwenziwe. Kwa kuwa Tereza alikubali kusahihishwa, walimu wa kanisa lake walimsadiki aliponena. Na mwaka 1970 Papa alimhesabu kuwa mwalimu wa Kanisa zima.

Hali kadhalika Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva. (Alikuwa askofu wa mji asioweza kukaa ndani yake, maana Geneva ulikuwa wa Matengenezo, kiti chake kilikuwa Annecy.) Mwaka 1604 alihubiri Dijon wakati wa Kwaresima, akamkuta mjane mwenye watoto wanne, Yoana wa Chantal, ambaye mumewe alikufa kwa risasi katika kuwinda. Wakaandikiana nyaraka miaka mingi, na mwaka 1610 wakaanzisha shirika la watawa wanawake. Fransisko alikufa 1622. Yoana akaiongoza kazi mpaka 1641, na nyumba zilikuwa zaidi ya 80. Watu wasioona mbali husema, alisikilizwa kwa sababu alikuwa rafiki wa askofu. Ni kweli nusu. Jina la askofu lilimfungulia mlango. Lakini miaka 19 baada ya mauti ya askofu jina peke yake lisingeziweka nyumba 80. Fransisko mwenyewe katika kitabu chake cha 1609 alionya sana juu ya urafiki wa uongo, ule ulao asali ya maneno matamu. Nasi twaongeza kwa ajili ya walimu wetu vijana: mwanamume na mwanamke wakiombeana, na iwe mchana, mlango wazi, na watu wa nyumbani wakijua. Wale wawili waliandikiana nyaraka; hawakujificha.

Je, sisi Walutheri hatuna habari kama hizo? Tunazo. Martin Luther alipokuwa mtawa mwenye kutetemeka dhamiri, aliyemwinua alikuwa mkuu wake Johann von Staupitz, aliyesikiliza maungamo yake marefu na kumwelekeza macho yake katika majeraha ya Kristo. Mwaka 1518 Staupitz alimfungua kiapo chake cha utii. Hakumfuata Luther mpaka mwisho. Alikufa Salzburg 1524 hali ni abate wa Kikatoliki, na Luther hakuacha kumshukuru. Na katika Makala za Schmalkald, 1537, Luther alipohesabu njia ambazo kwazo Injili hutusaidia, baada ya mahubiri, ubatizo, meza ya Bwana na mamlaka ya funguo, aliweka na mazungumzo ya ndugu wakifarijiana. Mazungumzo ya ndugu yamehesabiwa pamoja na Sakramenti! Walimu wengi hulisoma hilo katika masomo yao na kulipita kama kijiji kidogo njiani.

Tena karibu zaidi: mwezi wa Septemba 1929, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyetoka katika hospitali ya Gahini huko Ruanda hali amechoka rohoni, alikutana na Simeoni Nsibambi. Wakasoma Biblia pamoja siku mbili. Siku zile Mzungu alizoea kufundisha na Mwafrika kufundishwa. Hao wawili wakafundishana. Uamsho uliotoka humo ukafika Bukoba kwa Walutheri wenzetu, na Josia Kibira, aliyekuwa mmoja wa watu wake, akawa askofu, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri la Dunia. Lakini katika uamsho huo huo walitokea watu waliosema, Sisi tulio katika ushirika tumeokoka, na mchungaji wetu bado. Wakakataa mkono wake. Urafiki ukageuka kuwa ukuta.

Basi walimu, mtu akija usharikani akidai kusikilizwa kwa ajili ya urafiki wake na mtumishi wa Mungu, msimfukuze wala msimpe mimbari upesi. Mwulizeni ni nani amwonyaye. Rafiki wa kweli katika Bwana aweza kumtaja mtu aliyemwambia, Ndugu, hapa umekosa, akamshukuru. Asiye na mtu kama huyo hana rafiki, ana wafuasi. Kisha tazameni kama urafiki wake umeongeza watu au umewafunga nje. Yosefu alipouawa, Lwanga alikuwa tayari. Lwanga alipochomwa, kanisa halikukosa waalimu. Wale waliokuwa rafiki walizaa rafiki wengine. Lakini mtu ambaye akiondoka kikundi chake chaanguka, alijenga juu ya nafsi yake. Na zaidi ya yote ulizeni kama kwa kuwapenda rafiki zake amejifunza kusema kweli mbele ya mwenye nguvu, kama Yosefu, au amejifunza kutumia jina la mwenye nguvu apate sahani ya kwanza karamuni.

Wazee wetu walijua kuchanjana damu. Kwa Waganda watu wawili waligawana buni ya kahawa iliyotiwa damu yao, wakawa ndugu, na atakayemsaliti mwenziwe alihesabiwa amelaaniwa. Tumeiacha desturi hiyo, na vema. Lakini wakati mwingine twafikiri kwamba tumeiacha na haja iliyokuwa ndani yake. Twakutana Jumapili, twaimba, twaagana mlangoni, na mwenzetu hajui ni dhambi gani inayotusumbua wiki ile. Mezani pa Bwana tumeshiriki damu iliyo bora kuliko ile ya buni, nasi twaondoka kama watu waliokutana sokoni. Mwalimu aliye mbali na mchungaji, amwonaye mara moja kwa miezi miwili, asingoje mchungaji amletee urafiki huo kutoka mjini. Na amchague mzee mmoja mwenye hofu ya Mungu, wakae saa moja kila wiki, wasome sura moja, kila mtu aungame lake. Haitaji ruhusa ya sinodi.

Tumebakiwa na neno moja la Bukumbi. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa na watu wake. Akakimbia kwa mtumbwi kuvuka ziwa, akafika Magu kwa Waarabu. Kisha akaja Bukumbi kuomba kimbilio kwa mapadre, ambao nao walikuwa wamefukuzwa tena kutoka Buganda mwaka huo huo. Tangu moto wa Namugongo haikuwa imetimia miaka mitatu. Watoto waliochomwa pale walikuwa wanafunzi na rafiki za misioni ile, nao wa Bukumbi waliyajua majina yao mmoja mmoja. Wakampokea, wakampa makao.